Motokaa za Mbio za Nakuru na Mikono Iliyozihifadhi

Mashindano ya motokaa yaliyoipatia Afrika ya Mashariki sifa duniani yalianza kwa mtu mmoja kuukataa mwaliko wa kwenda upande wa Nakuru. Katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili palikuwako uwanja wa mbio ulioitwa Langalanga, katika nchi ya Gilgil na Nakuru, ambako wenye magari mepesi walikutana kushindana kwa kuizunguka njia ile ile mara nyingi. Na husimuliwa kwamba Eric Cecil, aliyekuwa na dhamana ya mashindano katika chama cha wenye motokaa cha Afrika ya Mashariki, alipomshawishi binamu yake Neil Vincent aende kushindana huko, alijibiwa kwamba hakuna jambo la kuchosha zaidi ya kuzunguka pale pale, lakini kama mtu angalitengeneza shindano la kuingia motokaani, kufunga mlango, kuvuka nusu ya Afrika na kurudi, na wa kwanza kufika akawa ndiye mshindi, yeye asingalikosa kushiriki. Kutokana na jibu hilo la kiburi, au pengine la busara, ikapatikana Safari ya Kutawazwa ya mwaka 1953, iliyoanza tarehe 27 Mei kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikapita katika nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika, na tangu mwaka 1960 ikaitwa Safari ya Afrika ya Mashariki.

Leo mkazi wa Nakuru asikiapo Langalanga hufikiria mtaa wa makazi, wala si mngurumo wa injini. Hata hivyo kisa hiki kina faida kwa mtu anayetaka kuandika tarikhi ya magari ya mbio katika Bonde la Ufa, kwa kuwa kinadhihirisha mapenzi ya namna mbili ambayo yameshindania nyoyo za wenye motokaa wa nchi hii kwa zaidi ya miaka 70: mapenzi ya umbo, yanayotaka gari liwe la chini, lenye kung'aa na lenye kasi mahali palipo laini, na mapenzi ya ustahimilivu, yanayouliza tu kama gari litarudi. Motokaa ya mbio ya milango miwili, yenye paa linaloteremka kwa madaha hadi mkiani na viti vya nyuma visivyomfaa ila mtoto au mfuko wa nguo, iliundwa kwa mapenzi ya kwanza, na barabara ilizokusudiwa ni za Ulaya, Marekani na Ujapani. Iliposhushwa Mombasa na kupandishwa hadi nyanda za Naivasha, Nakuru, Njoro na Molo ilipaswa kuhamishwa kutoka mapenzi ya kwanza hadi ya pili, na waliofanya kazi ya kuihamisha hawakuwa wenye magari bali mafundi. Kwa sababu hiyo nashika rai kwamba tarikhi ya magari haya kwetu ni tarikhi ya matengenezo yake, na kwamba anayeyakadiria thamani bila kuyachunguza matengenezo hayo anakadiria kitu asichokijua.

Reli ya Uganda iliifikia Nakuru mwaka 1900, na mwaka 1904 mahali hapo pakatangazwa kuwa mji. Kabla ya kuwa mji wa motokaa ulikuwa mji wa magari ya ng'ombe, plau na, baadaye, matrekta. Walowezi waliofuata nyayo za Lord Delamere, aliyejipatia ardhi Njoro na kisha Soysambu, waliufanya kuwa soko na karakana ya mashamba yao. Wahunzi na maseremala wa Kisingasinga, ambao wengi wa wazee wao waliletwa kutoka Punjab kwa kazi ya reli, walibaki katika miji iliyozaliwa kando ya reli hiyo, wakafungua vibanda vyenye fuawe, jiliwa, kekee, tupa za kila namna na, pale mtaji uliporuhusu, mashine ya kukerezea. Fundi aliyeweza kukereza ekseli ya trekta kutoka kipande cha chuma kitupu, mteja wake akimsubiri nje kwa sababu ngano ilikuwa imekwisha iva, hakushindwa kukereza bushi ya Jaguar. Na mikono iliyofungua injini ya Fordson asubuhi ndiyo iliyofungua kabureta ya MG alasiri. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu athari yake haijafutika: motokaa za mbio za Nakuru hazikulelewa na karakana za motokaa za mbio, zililelewa na karakana za mashamba, na adabu ya karakana ya shamba ni kwamba kitu kilichovunjika hutengenezwa kwa kilichopo, leo, kabla ya mvua.

Wala haifai kusahau nani alishika spana na nani alishika pesa. Utaratibu wa ukoloni uliweka Mzungu juu kama mwenye gari, Mhindi katikati kama mwenye karakana, na Mwafrika chini ya gari, kwa maana halisi ya maneno hayo, akiloweshwa oili na kulipwa ujira wa kibarua. Lakini elimu haina kawaida ya kutii mipaka ya mishahara, na yule aliyelala chini ya gari kwa miaka kumi alikuwa ameyaona yale ambayo mwenye gari hakuyaona hata siku moja.

Sasa niseme kidogo juu ya nchi yenyewe, kwa kuwa nchi ni mshiriki katika kisa hiki. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na barabara iendayo Eldoret hupanda hadi zaidi ya mita 2,700 karibu na Timboroa. Katika urefu wa Nakuru kanieneo ya hewa imepungua kwa karibu sehemu moja ya tano ikilinganishwa na ya Mombasa, ilhali kabureta, isiyo na akili ya kulijua hilo, huendelea kumimina petroli ile ile iliyomimina pwani. Basi injini hupata mafuta mengi kuliko hewa, plagi hufanya masizi, mwendo hupooza, na pesa za mwenyewe huchomwa bure. Kwa kabureta za namna ya SU, zilizokuwa katika magari mengi ya Kiingereza na kuigwa na Wajapani, fundi aliizungusha nati ya chini kidogo kidogo huku akisikiliza, mpaka mlio uwe sawa. Kwa zile za Weber ilimlazimu kubadili jeti zenyewe, na pale jeti ndogo zilipokosekana, tundu lilizibwa kwa lehemu likatobolewa upya kwa kekee nyembamba. Hatari ilikuwa siku mwenye gari aliposhuka Mombasa kwa mapumziko bila kumwambia fundi wake, kwa kuwa injini iliyopunguziwa mafuta kwa ajili ya Nakuru hupungukiwa zaidi inapokutana na hewa nzito ya pwani, ikapata moto na kuzichoma vali zake. Na wapo mafundi waliomfundisha mteja nati ya kuzungusha akifika Voi, kama tabibu anavyompa msafiri dawa ya njiani.

Adui wa pili ni vumbi. Bonde la Ufa limefunikwa majivu ya milima iliyolipuka kale, Menengai na Longonot na mingineyo. Kariandusi kuna udongo mweupe mwepesi unaochimbwa kwa ajili ya vichujio na rangi. Na maji ya Ziwa Nakuru yalipopungua, upepo uliokota magadi ufukoni na kuyamwaga mjini. Vumbi hili husaga, na likichanganyika na grisi hupata kazi ya msasa, likala bushi, beringi, ngoma za breki na kuta za silinda. Lakini haki itendeke: hewa kavu ya bonde huhifadhi bati kuliko hewa ya chumvi ya pwani, na gari lililokaa Nakuru au Gilgil aghalabu hulishinda la Mombasa kwa uzima wa sakafu na wa kingo za milango. Mnunuzi mwerevu wa Nairobi alilijua hilo zamani, akawa anauliza gari limelala wapi kabla ya kuuliza limekwenda maili ngapi.

Juu ya ardhi hiyo ndipo Safari ilipopita mwaka baada ya mwaka, aghalabu wakati wa Pasaka, mvua za masika zikiwa zimekwisha kuufanya udongo kuwa uji. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968 walifika mwisho washindani 7 tu, na mashindano yote mawili yalishindwa na Nick Nowicki. Naomba msomaji asimame kidogo kwenye mwaka 1965, kwa kuwa ushindi wa mwaka huo una hoja yangu nzima ndani yake. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932 na kuanza maisha kwa kazi ya ufundi wa magari, alishinda akiwa na nduguye Jaswant katika Volvo PV544, motokaa ya milango miwili yenye mgongo wa kuteremka, ambayo haikuwa mpya: ilikuwa imekwisha tumikishwa na timu ya kiwanda katika Safari iliyotangulia, ikauzwa kwa bei ya kitu kilichochoka. Kiwanda kilikuwa kimeisoma hesabu ya umri. Fundi aliifungua, akaangalia kilichopasuka na kilicholegea, akakitengeneza, akaenda kuwashinda wenye magari mapya. Alishinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976 kwa Mitsubishi Colt Lancer, na katika Safari 22 alizoshiriki alimaliza 19. Hesabu hiyo ya 19 kwangu ni kubwa kuliko ile ya ushindi mara 3, kwa sababu kushinda kwaweza kusaidiwa na bahati, lakini kufika mara 19 ni ufundi mtupu.

Baada ya Volvo hiyo ndipo ilipokuja motokaa ambayo, kwa macho ya watu wengi wa rika langu, ndiyo motokaa ya mbio ya Kenya hata kama ilizaliwa Ujapani. Datsun 240Z ilianza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 1969, ikiwa na injini ya silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa lita 2.4, kabureta mbili, na boneti ndefu kuliko sehemu nyingine yote ya gari. Marekani iliuzwa mwanzoni kwa dola 3,526, bei iliyowafadhaisha Waingereza waliokuwa wakiuza magari yao ya mbio kwa jina tu. Pasaka ya mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo Safari, na nafasi ya pili ikachukuliwa na 240Z nyingine ya Shekhar Mehta na Mike Doughty. Mwaka 1973 Mehta, ambaye familia yake ilikuwa miongoni mwa Wahindi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka uliotangulia, alishinda na Lofty Drews kwa 240Z, baada ya kulingana kwa pointi za adhabu na Harry Källström, naye pia katika Datsun, mpaka ikabidi waamuzi watazame nani alikwenda mbali zaidi bila doa. Huo ulikuwa wa kwanza katika ushindi wake mara 5.

Watu husifu umbo la 240Z, na mimi silibezi, lakini aliyeifungua ndiye ajuaye siri yake. Mwaka 1970 Herrmann na Schüller walikuwa wameshinda kwa Datsun 1600 SSS, gari la kawaida la familia lililotiwa nguvu. Na injini ya 1600 hiyo ina silinda zenye kipenyo cha milimita 83 na mwendo wa pistoni wa milimita 73.7, na injini ya 240Z ina silinda zenye kipenyo cha milimita 83 na mwendo wa pistoni wa milimita 73.7. Kwa lugha nyepesi, ile kubwa ni ile ndogo iliyoongezwa silinda mbili. Faida ya jambo hili kwa fundi wa Nakuru haikuwa ndogo, kwa kuwa magari ya 1600 yalienea, yalizeeka, yalipinduka na kufa kila mahali, na maiti zake zikawa ghala: ringi za pistoni, beringi na vikorokoro vingi vilitolewa katika gari la mwalimu au la karani na kutiwa katika gari la mwenye shamba. Hivyo motokaa ya kifahari iliishi kwa fadhila za motokaa za watu wa kawaida, na nadhani hakuna aliyewahi kuwashukuru.

Kisa cha Peugeot ni cha namna hiyo hiyo, tena kwa Nakuru ni cha karibu zaidi. Kwa miaka mingi msafiri aliyekuwa na haraka kati ya Nakuru na Nairobi, mwendo wa kilomita 160 hivi, alipanda Peugeot 404 au 504 ya safu tatu za viti, akabanwa na wenziwe sita, dereva akateremka na kupanda maporomoko ya bonde kwa imani iliyozidi breki zake. Nyuma ya biashara hiyo ya teksi kulikua umma wa mafundi wa Peugeot, waliozijua injini hizo gizani. Sasa 504 ilikuwa na ndugu yake wa kifahari, ile ya milango miwili, iliyotengenezwa bodi yake Italia na Pininfarina, ikaundwa tangu mwaka 1969 hadi 1983. Na ndiyo iliyoshinda Safari ya mwaka 1978 mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas na Jean-Claude Lefèbvre, ikiwa na injini ya silinda 6. Zile za silinda 4 zilitumia injini ile ile ya salooni, kwa hiyo aliyebahatika kuwa nayo hakuhangaika kwa klachi, pampu ya maji wala gasketi ya silinda hedi. Aliteseka kwa mambo mengine: mfumo wake wa kunyunyizia petroli, uliotengenezwa na Kugelfischer wa Ujerumani, ulikuwa mashine ya saa iliyohitaji usafi na vipimo visivyopatikana katika karakana za kawaida, basi mwingi uling'olewa na kabureta ya teksi ikawekwa, ekseli ya nyuma ya gari la teksi haikuingia, kwa kuwa ile ya safu tatu ilikuwa ngumu ya kipande kimoja ilhali ya milango miwili ilikuwa huru kila upande, kama ya salooni, na taa, vioo na vipande vya bodi, ambavyo Pininfarina alivichonga kwa gari hilo peke yake, vilipovunjika vilikuwa msiba usio na tanzia.

Mambo ya dola nayo yaligusa spana. Sheria za uhamiaji na za leseni za biashara za mwaka 1967 ziliwafanya Wahindi wengi wasio raia waondoke, na kundi kubwa likakimbilia Uingereza kabla mlango haujafungwa huko tarehe 1 Machi 1968. Katika miji kama Nakuru karakana kadhaa zilibadilisha mikono, nyingine kwa mauzo ya haki, nyingine kwa mauzo ya haraka, na vijana waliokuwa chini ya gari wakajikuta wamesimama. Wengine hawakupata karakana bali kivuli cha mti na sanduku la vyombo, na hao ndio tunaowaita jua kali, ambao taarifa ya Shirika la Kazi Ulimwenguni ya mwaka 1972 juu ya Kenya iliwatolea hoja kwamba wao si uchafu wa mji bali ni sehemu ya uchumi wake. Mwaka uliofuata bei ya mafuta ilipanda duniani, fedha za kigeni zikaadimika, na leseni ya kuagiza spea za motokaa isiyounganishwa nchini ikawa kama tunu. Kwa yule aliyekuwa na Alfa Romeo, Ford Capri, Triumph au Datsun Z, miaka 20 iliyofuata ilikuwa ya kuishi kwa hila njema: bushi za mpira zilikatwa kutoka tairi kuukuu, gasketi zilichorwa juu ya karatasi na kugongwagongwa kwa nyundo ukingoni mwa chuma chenyewe, vifuniko vya alumini vilisubiwa upya kwa mchanga, springi za pikapu zilifupishwa na kuwekwa, na bodi iliyobonyea ilinyoshwa kwa nyundo na gogo badala ya kupakwa puti, kwa kuwa puti ilikuwa ghali kuliko kazi ya mtu.

Sisemi kwamba kila kilichofanywa kilikuwa chema. Niliona, na wengi waliona, motokaa nzuri iliyotiwa injini ya pikapu isiyoiweza, au iliyochomelewa chuma cha dirisha la nyumba chini ya sakafu, ikawa nzito na yenye kuelekea upande mmoja kila breki ikishikwa. Na fundi aliyefanya hivyo alisema maneno yale yale anayosema fundi hodari, kwamba itakwenda. Tofauti ya hawa wawili haikuonekana siku ya kulipa.

Kisha mnamo miaka ya 1993 na 1994 serikali ililegeza udhibiti wa fedha za kigeni, magari yaliyotumika yakamiminika kutoka Ujapani, mengine kwa njia ya Dubai, na ghafla kijana aliyekuwa na pesa za kufufua injini moja ya zamani aliweza kununua Toyota nzima yenye kipoza hewa. Huo ndio wakati motokaa nyingi za mbio za Bonde la Ufa zilipoangamia, wala hazikuangamizwa na vumbi au mvua: ziliangamizwa na dharau. Zilisukumwa nyuma ya ghala, kuku wakatagia vitini, na mwishowe mnunuzi wa vyuma chakavu akazipima kwa kilo. Petroli isiyo na risasi, iliyochukua mahali pa ile ya zamani mwaka 2005, ikaleta mtihani mwingine kwa injini kongwe za Kiingereza zenye silinda hedi za chuma, ambazo vikalio vya vali zake vilikuwa vikilindwa na risasi hiyo na sasa vikaanza kuliwa. Dawa yake, ambayo ni kukereza na kutia vikalio vya chuma kigumu, ilimrudisha mwenye gari kwa mkerezaji yule yule wa matrekta.

Yaliyoirudisha thamani ni mambo mawili yasiyohusiana. Moja ni kanuni ya viwango inayokataza kuingizwa nchini gari lililozidi umri wa miaka 8, iliyokusudiwa kuzuia taka za wengine, lakini ambayo kwa motokaa kongwe ilikuwa na maana ya kufunga ghala: zilizomo zimo, na inayokufa haina badala. La pili ni kwamba ulimwengu uliizindukia 240Z. Mwezi wa Januari 2020 moja ya magari hayo ya mwanzo iliuzwa Marekani kwa dola 310,000, na ingawa lilikuwa gari lililokaa bila kuguswa, wala si kipimo cha mengine, habari hiyo ilifika hata katika mashamba ya Subukia na Solai, na watu wakaanza kufungua milango ya maghala waliyokuwa wameyasahau. Mwaka 2003 Safari ya magari ya kale ilianzishwa, ikawapa mafundi wa Kenya kazi ya kuandaa magari ya zama zile kwa njia za zama zile. Na mwezi wa Juni 2021 Safari yenyewe ilirudi katika ubingwa wa dunia, makao yake yakiwa Naivasha na njia zake zikipita Elmenteita na Soysambu, ardhi ile ile ya Delamere, vumbi likiwa lile lile.

Lakini pamoja na thamani ilikuja namna ya kukadiria ambayo siikubali. Mkadiriaji wa kawaida wa bima au wa kodi hutumia jedwali la umri, na kwa jedwali hilo motokaa ya mwaka 1972 haina thamani yoyote. Huyo tumwache, kwa kuwa hata yeye anajua kwamba jedwali lake halikutungiwa kitu hiki. Namlenga yule wa pili, mkusanyaji mwenye mali, anayekuja na kitabu cha Ulaya akitafuta asili: rangi ya kwanza, injini yenye namba ya kwanza, skrubu zilizofungwa kiwandani, na kila palipobadilishwa hukata bei. Kwa gari lililolala katika chumba kikavu cha California kanuni hiyo ina insafu. Kwa gari lililoishi Nakuru ni dhuluma, kwa sababu lisingalikuwako kuuzwa kama lisingalibadilishwa, na bushi iliyokerezwa Nakuru mwaka 1982, wakati spea haikupatikana kwa pesa wala kwa dua, ni sehemu ya historia ya gari hilo sawa na boneti yake.

Wazee wa kazi hii nilioketi nao hukadiria kwa utaratibu mwingine, na injini huijia mwisho. Huanza na vioo, kwa kuwa kioo cha mbele chenye mpindo hakikatwi na fundi yeyote nchini, na gari lililopasuka kioo cha nyuma hupungua bei kuliko lililopasuka injini. Hufuata bodi: hugonga kwa kifundo cha kidole kutoka mlangoni hadi mkiani wakisikiliza bati na puti, hutazama mahali springi za mbele zinapoegemea, ambako njia mbovu hupasua chuma kimya kimya chini ya rangi, na huifungua na kuifunga milango, kwa kuwa gari la milango miwili lina milango mirefu na mizito, na likipinda kiunoni bawaba ndizo za kwanza kusema kweli. Kisha taa na mapambo, ambayo hayatengenezeki. Injini hujaribiwa asubuhi ikiwa baridi, na moshi wa bluu hausababishi hofu bali hesabu, maana ringi zinajulikana zilipo.

Baada ya hayo huomba karatasi. Magari ya zama hizo yana namba za herufi tatu na tarakimu bila herufi ya mwisho, na kitabu chake cha zamani cha usajili kiliandikwa majina ya wenyewe mmoja baada ya mwingine, pamoja na namba ya chesi na ya injini. Na injini ilipobadilishwa, sharti ilikuwa kuarifu, namba ya kwanza ikafutwa kwa mstari na nyingine ikaandikwa juu yake kwa wino na mhuri. Mnunuzi aliyetoka mbali, akiufungua ukurasa huo, hutoa kalamu apunguze. Mzee wa Nakuru huuliza injini iliyotiwa ilitoka katika gari gani, nani aliitia, na mwaka gani; na akijibiwa vizuri hata bei haijadili sana.